Nguo ya Alhamisi

Kabla sijaanza, tuelewane: mimi si mtu mwema. Mwema ni Isidori, na mkitaka ushahidi muulizeni mwenyewe. Mimi ni Notburga, fundi cherehani, mjane, mama wa Leticia. Kwa miaka tisa nilikaa na Isidori kwenye baraza moja, mbele ya duka la Mzee Naran, karibu na soko kuu la Songea. Isidori ni fundi mwenzangu, na ni mwanakwaya. Ukikaa miaka tisa na mtu anayefanya mazoezi ya sauti ya pili sikioni mwako, hata kama ulizaliwa na upole, utakuishia.

Mzee Naran alikuwa Mhindi, fundi mtoto wa fundi, mzaliwa wa hapahapa mjini. Wazee aliwasalimia kwa Kingoni na wauza nyanya aligombana nao kwa Kingoni. Ndani ya duka lake alikuwa na cherehani moja kubwa nyeusi ya miguu, iliyoweza kushona suti asubuhi na turubai mchana bila kukata uzi. Kila mwaka ilipofika sikukuu yao ya Dasera, aliipumzisha. Aliipaka alama nyekundu kichwani, akaivika shada la maua ya njano, akaiwashia udi, kisha akasimama mbele yake amekutanisha viganja. Mwaka wangu wa kwanza nilimnong'oneza Isidori kwamba Mzee anaabudu chuma. Mzee akanisikia.

"Mama Leticia," alisema, "wewe ukibusu msalaba kanisani, unabusu ubao?"

Nikarudi kwenye cherehani yangu, nikaikanyaga kwa nguvu kuliko ilivyohitaji.

Ajabu yake nyingine ilikuwa Alhamisi. Kila Alhamisi mchana aliweka kando kazi za wateja, akakata marekani nyeupe mpya na kushona nguo moja isiyo na mwenyewe. Hakupimwa mtu, hakulipa mtu. Ilikuwa nguo ndefu, mikono mipana, na mgongoni wazi toka shingoni hadi chini. Aliishona kwa uangalifu kuliko suti ya bwana harusi, akaipiga pasi, akaifunga ndani ya gazeti na kuondoka nayo kwa baiskeli. Tulipomuuliza inakwenda wapi, alisema inakwenda inakohitajika. Tulipomuuliza anapata nini, alicheka.

"Kwetu sisi kazi ni ibada," alisema. "Unaifanya vizuri kadiri mkono unavyoweza, unaiweka mbele ya Mungu, unaondoka. Mkono ni wangu, tunda si langu. Nikisimama pale kulisubiri, hiyo si ibada tena, ni biashara. Na biashara ninayo siku nyingine zote."

Alhamisi moja alimaliza nguo, akaiinua kwenye mwanga na kutuita. "Njoni mtazame shingo hii! Nani mwingine Songea anaweza kuigeuza hivi?" Tukamsifu. Mara akajiuma ulimi, akachukua kitambaa kingine na kuanza upya.

"Vipi tena, Mzee?"

"Ile nimeshaila mwenyewe kwa majivuno," alisema. "Sasa nashona ya pili." Akazipeleka zote mbili, lakini alihesabu moja tu.

Sasa mjue hali yetu. Serikali ilikuwa imefungua milango ya biashara, na wa kwanza kuingia alikuwa kafa ulaya. Mitumba ilishuka kwa mabelo, na mtu aliyekuwa akishonesha gauni la Krismasi kwangu akawa ananiletea sketi ya Mzungu nimpunguzie kiuno. Wakati huohuo shemeji yangu Osmund akatuma barua kutoka kijijini Lusewa. Cherehani niliyokuwa nikiitumia, aliandika, ilikuwa ya marehemu kaka yake, kwa hiyo ni mali ya ukoo. Angekuja kuichukua akimaliza kuuza tumbaku. Kama sina la kufanya mjini, shamba la tumbaku lipo na jembe lipo. Nililia, kisha nikamtukana kwenye karatasi kurasa mbili, kisha nikaichana kwa sababu hakuna aliyewahi kuachiwa cherehani kwa matusi.

Wiki ileile Mzee Naran alitutangazia kwamba anahamia Dar es Salaam kwa binti yake. Macho yalikuwa yanamchosha na mke wake alikuwa ameshafariki.

"Na cherehani kubwa?" tuliuliza kwa pamoja, mimi na Isidori, kana kwamba tumefanya mazoezi.

"Siku ya Dasera nitaivika maua kwa mara ya mwisho," alisema. "Kisha nitamwachia mtu anayeweza kufanya kazi bila kulikodolea macho tunda."

Isidori alinitazama. Nami nikamtazama. Wote wawili tukaiondolea cherehani macho upesi sana.

Kesho yake nilifika barazani saa kumi na mbili asubuhi, ukungu wa milima ya Matogoro bado uko chini, nimebeba ufagio. Nilitaka Mzee afungue mlango akute pamefagiwa na asijue ni nani, yaani ajue. Nikamkuta Isidori anafagia. Keshokutwa yake nikawahi mimi. Siku ya tatu tulifika pamoja, tukafagia kila mtu upande wake huku tukisukumiana vumbi, na Isidori akiimba kwa sauti kubwa kwamba yeye hataki hata asante. Mzee alifungua mlango, akakohoa vumbi letu na kurudi ndani kunywa chai.

Baada ya hapo hakukuwa na mtu salama katika mtaa ule. Tulibeba mizigo ya watu ambao walikuwa wanaishusha. Tulimchotea maji mama lishe hadi mapipa yakafurika na moto wake ukazimika. Bibi Brigita wa Matogoro alileta gauni lililofumuka kidogo kwapani. Isidori akamnyang'anya, akalishona bure. Bibi alipoingia ndani kumsalimia Mzee, mimi nikalichukua nikalirudia, kuliimarisha. Nilipogeuka kutafuta mkasi, Isidori akaliimarisha tena. Bibi akaenda kulivaa nyuma ya pazia na tukamsikia akihangaika muda mrefu.

"Wanangu," alisema alipotoka, mkono mmoja umenasa ndani ya gauni, "nilikuja na tundu moja la kuzibwa. Mbona mmeziba na la mkono?"

Mzee Naran alicheka mpaka akafuta miwani. Hakusema neno, na hilo lilinitia wasiwasi kuliko kama angetukaripia. Dasera ilikuwa inakaribia. Osmund alikuwa anakaribia pia, na mimi sikuwa na kitu cha kuonyesha zaidi ya ufagio uliochakaa.

Ndipo nikaikumbuka Alhamisi.

"Mzee," nilimwambia, sauti yangu tamu kama togwa, "macho yako yanakusumbua. Alhamisi hii niachie mimi hiyo nguo."

Alivua miwani. "Unajua ni ya nani?"

"Sijui."

"Vizuri. Shona hivyohivyo, bila kujua."

Nilishona kama sijawahi kushona. Mishono ilikuwa midogo na imenyooka, na shingo niligeuza vizuri kuliko ile aliyojisifia mwenyewe. Halafu shetani akanikalia begani, au labda alikuwa Isidori anapumua karibu. Nilifikiri: kazi nzuri hivi, na asijulikane fundi? Hata nguo za kafa ulaya zote zina majina shingoni. Nikachukua uzi mwekundu na ndani ya shingo nikatarizi: NOTBURGA FUNDI SONGEA. Herufi kumi na tisa. Kwa nje huoni kitu. Anayeivaa ndiye angeona, na kama ni mtu mkubwa angejua pa kuja.

Nilipiga pasi, nikakunja, nikafunga gazetini. Mzee hakuifungua. "Twende uipeleke mwenyewe," alisema, akaanza kukokota baiskeli.

Tulipofika kwenye geti la hospitali, moyo wangu uliruka kwa furaha. Nikaelewa yote mara moja. Nguo nyeupe, ndefu, wazi mgongoni: nguo ya daktari wa upasuaji! Nikamwona daktari mkuu amesimama na wauguzi wake, jina langu limemgusa shingoni, akiagiza mashuka ya hospitali nzima kwangu. Nikarekebisha kilemba. Lakini Mzee alipita chumba cha upasuaji bila kugeuka. Akapita wodi ya wanaume, akapita ya wanawake, akapita jiko. Mbele yetu kulibaki jengo moja tu, fupi, lisilo na madirisha ya maana, na mlangoni amesimama mtu mwembamba aliyevaa buti za mpira. Huyo alikuwa Polikarp, mhudumu wa mochwari.

"Karibu, Mzee," alisema. "Leo yupo mmoja."

Nilitaka kugeuka, lakini niliona aibu kukimbia mbele ya Mhindi wa miaka sabini. Ndani juu ya meza alilala mzee mmoja, amefunikwa hadi kidevuni. Polikarp alieleza kwamba alishushwa kwenye basi lililotoka upande wa Tunduru akiwa hajitambui, akafa siku ya pili. Walisubiri, wakatangaza, hakutokea ndugu.

"Hana hata jina," alisema Polikarp. "Kitabuni tumeandika 'Mwanamume, Tunduru'. Kesho halmashauri ya mji inamzika. Lakini Mzee hapa hapendi mtu azikwe na matambara."

Akanyoosha mkono kuipokea nguo.

Hapo ndipo nilipoganda. Maskini yule hakuwa na jina, na mimi nilikuwa nimemletea langu, kwa uzi mwekundu. Kesho angeshuka kaburini akiwa Notburga Fundi Songea, na huko aendako wangemuandika hivyo. Na siku yangu ikifika, wangeniambia mbona umeshaingia?

"Ngoja!" nilipiga kelele. "Ina kasoro! Polikarp, nipe wembe, mwanangu, tafadhali, nipe wembe."

Nilikaa nje kwenye benchi chini ya mpapai na kuanza kufumua. Mnajua mshono wa kujionyesha unavyoshonwa? Nilikuwa nimeukaza kila herufi mara mbili ili usifutike kwa kufuliwa. Sasa ilibidi nikate uzi mmoja mmoja nisije nikachana kitambaa. Mzee Naran alikaa pembeni yangu. Alikuwa ameyaona maandishi, asingeweza kutoyaona. Akatazama mapapai. Nilimaliza SONGEA nikiwa na hasira naye kwa kunyamaza. Nilimaliza FUNDI nikiwa na hasira na Isidori, bila sababu. Nilipofika kwenye jina langu hasira ilikwisha na nikaanza kulia, kwa sababu nilimfikiria yule mtu, kwamba mahali fulani alikuwa na mama aliyempa jina na akaliita kila siku, na sasa hakuna anayelijua. Nilikata herufi ya mwisho. Shingoni hapakubaki kitu ila vitundu vidogo vya sindano.

Mzee aliokota nyuzi nyekundu kwenye mapaja yangu, akazitia mfukoni. "Umekunywa chai?" aliuliza.

Yeye na Polikarp walimvika. Ndipo nikaelewa kwa nini mgongoni pako wazi: maiti hainyanyui mikono. Walipomaliza, Mzee alisogea nyuma hatua moja na kumkutanishia viganja yule mtu, vilevile kama alivyoifanyia cherehani siku ya Dasera. Sikucheka.

Njiani kurudi nilijua nimeshindwa. Alikuwa ameniona nikiwa na tunda mdomoni. Kesho yake sikwenda na ufagio, na Isidori akadhani naumwa, akafagia pande zote mbili kwa furaha.

Wiki iliyofuata Osmund akaja. Alifunga cherehani yangu kwa kamba kwenye baiskeli, akaniambia shamba linanisubiri, akaenda stendi. Nilibaki barazani na kiti, mkasi na sindano za mkono. Isidori, nisimnyime haki yake, alinipa nusu ya muhogo wake, akatangaza mtaa mzima kwamba amenipa.

Alhamisi ikafika, Mzee akiwa Mbinga kuaga rafiki zake. Isidori alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Polikarp alipita kwenda sokoni, akachungulia. "Mama, ukimwona Mzee mwambie yupo mmoja. Bibi. Wanamzika kesho asubuhi."

"Nitamwambia," nilisema, nikijua Mzee harudi kabla ya Ijumaa jioni.

Nilikaa. Nikafungua duka kwa ufunguo aliotuachia, nikachukua marekani alipokuwa ameiweka, nikakata. Cherehani kubwa ilikuwa palepale, lakini sikuigusa, haikuwa yangu. Nilishona kwa mkono kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Nisiwadanganye kwamba nilisali moyoni. Mshono wa kwanza wote niliwaza cherehani, nikawaza Lusewa, nikamlaani Osmund. Nilipofika mkono wa pili wa nguo, kidole kilikuwa kinatoka damu na nikawa nawaza tu damu isiguse kitambaa. Baada ya hapo sikumbuki niliwaza nini. Nilipeleka nguo kwa miguu.

"Niseme imetoka kwa nani?" aliuliza Polikarp.

"Leo siku gani?"

"Alhamisi."

"Basi, sema imetoka kwa Alhamisi."

Dasera ilipofika, cherehani ilikuwa imepakwa alama yake nyekundu na kuvikwa maua. Mzee Naran alitugawia vitamu, akatuketisha sakafuni. Isidori alikuwa amevaa suti. Mimi nilikuwa nimeshafunga mizigo. Basi la Lusewa lilikuwa la kesho yake.

"Polikarp wa hospitali amenishukuru," Mzee alianza taratibu, "kwa nguo ya Alhamisi ambayo mimi sikuishona. Nilikuwa Mbinga. Nani aliishona?"

Nilifungua mdomo. Maneno mawili tu yalihitajika, *ni mimi*, na ningelala kwangu Msamala, hapahapa mjini, si Lusewa. Ulimi uliniwasha kama nimetafuna pilipili. Lakini nikaiona shingo ile, na vitundu vyake, na mimi nikirudisha tena uzi mwekundu, herufi kwa herufi. Nikafunga mdomo. Nawaambia ukweli, nilichukia kuufunga.

Isidori alikohoa kwa unyenyekevu mkubwa. "Mzee," alisema akitazama chini, "sikupenda kusema."

Nilitaka kumpiga kwa kiatu.

"Ni wewe?" Mzee alimsogelea. "Hongera, Isidori. Na mgongoni uliifungaje?"

"Kwa vifungo, Mzee," alisema Isidori, akipata nguvu. "Vizuri kabisa. Vinne, vyeupe, vinavyong'aa. Mwenyewe atakapoinama visifunguke."

Mzee Naran alishika ukingo wa cherehani ili asianguke kwa kicheko. Maua yalitikisika. "Haina kifungo hata kimoja," alisema alipopata pumzi. "Marehemu hainami, Isidori."

"Marehemu?" Isidori aliruka juu na suti yake, akajipangusa mikono kana kwamba ameigusa. "Marehemu gani? Mimi sikugusa nguo ya marehemu! Sijawahi! Mungu shahidi!"

"Basi tumebaki na fundi mmoja," alisema Mzee, bila kunitazama. "Mama Leticia, mizigo yako ifungue. Cherehani inabaki hapa, na wewe unabaki nayo. Alhamisi inabaki nayo pia."

Nililia tu, puani na machoni, juu ya vitamu vyake.

"Lakini Mzee!" Isidori alilalamika. "Nimefagia mwezi mzima! Na kila siku nilisema, mbele ya mashahidi, mimi sitaki chochote!"

"Nilikusikia," alisema Mzee Naran, akimpa kitamu kingine. "Na angalia, umepata kilekile ulichotaka."

Mzee aliondoka wiki ile. Isidori alininunia hadi Majilio, Krismasi ikikaribia, kisha kwaya ikahitaji majoho mapya na akaja kuazima cherehani yangu. Bado tunakaa wote, na sauti ya pili bado iko sikioni.

Nami kila Alhamisi nashona, napeleka, narudi. Kwa miaka hii yote sijamwambia mtu. Leticia mwenyewe anadhani nakwenda kumsalimia mgonjwa. Polikarp hajawahi kulitaja jina langu, na shingoni hamna herufi hata moja, na mshono wangu ule, nawaambieni, Songea nzima hakuna anayeweza—

Ona sasa. Nimekula yote, na nimewalisha na ninyi. Alhamisi hii nashona mbili.